Bango Lililompa Mzee Shamba

Kosa langu la mwanzo lilikuwa hili: niliamini kwamba nafasi tupu kwenye bango ni uvivu wa aliyelitengeneza. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Kazi nilijifunza peke yangu, na mtu aliyejifunza peke yake huogopa kila mahali ambapo mwenye cheti anaweza kupanyooshea kidole.

Sisi tulikuja Morogoro kwa ajili ya kiwanda. Baba yangu alikuwa fundi mitambo. Kiwanda kilipobinafsishwa mashine zikanyamaza, naye akachukua kiinua mgongo chake akanunua deki mbili za video, tukafungua kibanda Mwembesongo. Yeye alikodisha kanda za sinema, mimi nikatumia deki zile kujifundisha kuunganisha picha. Niliirudia harusi moja ya jirani mpaka kanda ikaanza kutoa chenga, kwa sababu tu bibi harusi alipepesa macho mahali nisipopapenda.

Ilikuwa miaka ile televisheni za watu binafsi zilipoanza kuonyesha muziki wa vijana. Wanachuo watatu waliniletea video yao niikague kabla hawajaipeleka Dar es Salaam, pamoja na rasimu ya bango na jalada la kaseti. Mwimbaji wao alikuwa kijana wa Uluguru. Picha walikuwa wamepigia kwao mlimani, kwenye shamba la ngazi ambamo baba yake alilima kabichi na njegere. Mama yake alikwisha fariki.

Niliitazama video bila sauti, kisha nikaisikiliza bila picha. Halafu nikaanza.

"Hapa shati limechomekwa, hapa liko nje. Hapa kivuli kiko kushoto, ukigeuka kiko kulia. Jua limerudi nyuma? Na hapa mdomo umefunga, sauti bado inaimba."

"Bwana Kasoro," akasema mpiga picha wao, "kuna chochote umekipenda, au tukaichome moto?"

Kilikuwepo. Kulikuwa na picha moja, fupi sana, ya baba wa mwimbaji ameegemea mpini wa jembe, ukungu unapanda nyuma yake. Haangalii kamera. Wengine wote kwenye video ile walikuwa wanajionyesha, yeye alikuwepo tu. Nikasema hiyo ndiyo picha ya bango, na hakuna aliyebisha.

Chini ya bango kulikuwa na majina, na chini ya kila jina cheo chake: mwimbaji, mtunzi, mpiga picha. Chini ya jina la mzee palikuwa peupe.

"Mzee tumwandike nani?" nikauliza.

Mwimbaji alisita. "Hapo paache tu, bro."

"Haiwezekani. Aliyebeba bango zima ndiye asiye na cheo? Linaegemea upande mmoja hili. Shamba si lake?"

"Analima yeye," akasema, akiangalia deki badala ya kuniangalia mimi.

"Basi. Mwenye Shamba."

"Andika, andika," mpiga picha akadakia, "la sivyo atatuambia na ukungu nao una kasoro." Wakacheka. Mwimbaji naye akacheka, ila alichelewa kidogo. Nikaandika kwenye bango, kwenye jalada, na mwishoni mwa video. Kisha nikarudi nyuma hatua chache, nikaona bango limetulia, na mimi nikatulia.

Waliyabandika mabango sokoni, na pale malori ya mlimani yanaposhushia mboga. Haikupita wiki, mzee mmoja akaingia kibandani na bango mkononi, amelikunja vizuri kama hati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeambiwa wewe ndiye mwandishi wa hili."

Nilijisikia vizuri. Ni aibu kuandika hivi, lakini nilijisikia vizuri.

"Ndiyo, mimi."

"Nisomee hapa." Akaweka kidole chini ya mtu mwenye jembe.

Nikasoma jina, kisha nikasoma, "Mwenye Shamba."

"Rudia."

Nikarudia kwa sauti zaidi. Nilidhani anafurahia.

"Shemeji yangu ndiye aliyekutuma uandike hivi?"

"Hapana, ni wazo langu."

"Wewe ulilijulia wapi shamba letu?"

Hapo ndipo nilipoelezwa, na baba yangu akisikia. Kule mlimani ardhi hufuata upande wa mama. Shamba lile lilikuwa la ukoo wa marehemu, na huyu alikuwa kaka yake, mjomba wa mwimbaji. Mume alikuja pale kwa ajili ya mke. Walipomzika dada yao, wenyewe walikaa wakaona shemeji ni mtu mpole, wakamwacha aendelee kulima. Hakuna aliyekuwa amemkabidhi kitu.

"Ni bango la muziki tu, mzee," nikasema.

"Bango tu." Akamgeukia baba yangu. "Ndugu yangu, kiwanda chenu kilipouzwa, mnunuzi alikuja na panga?"

"Alikuja na karatasi," baba akajibu.

"Haya. Na sisi tunasikia watu wanapita milimani wanatafuta pa kununua. Shemeji ameshaandikwa mjini kuwa mwenye shamba. Kesho?"

Nilifunga kibanda nikapanda mlimani kueleza. Ukoo ulinisikiliza kwa adabu, wakanipa na uji. Mmoja wao akasema mtoto wa mjini amefundishwa la kusema. Mwimbaji alikuwepo, aliwaambia wajomba zake kwamba neno lile ni langu, nao wakamuuliza swali ambalo mimi pia nilitaka kumuuliza: kwa nini hakulikataa? Alisema niliwaharakisha. Si kweli. Aliona haya kunieleza, mbele ya wenzake, kwamba baba yake analima kwa hisani ya watu. Sikumsahihisha, maana mimi ndiye niliyemfikisha hapo.

Baba wa mwimbaji mwenyewe alinisindikiza mpaka njia panda. Alikuwa amepewa muda wa kuvuna kilichokuwa ardhini, kisha aondoke.

"Mwanangu, mimi kusoma sijui," aliniambia. "Waliniletea bango, nikaona nimetoka vizuri. Nikalibandika mlangoni."

Video ilionyeshwa na televisheni mara moja. Waliikata kabla ya majina, kama walivyokata za wote. Dar es Salaam nzima hakuna aliyelisoma neno lile. Waliolisoma ni wale tu ambao lingeweza kuwaumiza. Vijana wale hawakurekodi tena pamoja, na mwimbaji tukikutana sokoni hunisalimia kama mtu anayelipa deni, haraka, bila kusimama.

Siku hizi simwandikii mtu cheo ambacho hakukitamka kwa mdomo wake mwenyewe, na nafasi tupu kwenye bango naiacha tupu. Yule mzee wa kwenye bango anaishi kwenye chumba cha kupanga Kingolwira, analima kwa kibarua kwenye mashamba ya watu. Shamba la mlimani analilima mpwa mwingine wa ukoo.