Suruali ya Inchi Thelathini na Sita

Mtaa mzima ulimwita Mzee Inchi kwa sababu macho yake yalikuwa yanapima. Ungepita mbele ya kibanda chake cha ushonaji na haraka zako, naye angekudaka bila hata kuondoa mguu kwenye cherehani: "Wewe mwaka jana ulikuwa thelathini na mbili. Nani anakupikia siku hizi?" Na alikuwa hakosei. Kiuno kimoja tu ndicho kilichomshinda kukisoma, nacho ni chake mwenyewe.

Bintiye, kifungua mimba wake, alikuja likizo na kitambaa cha suti cha rangi ya majivu. "Baba, hiki utakivaa siku ya harusi yangu," alimwambia. "Kilikuwa kipande cha mwisho dukani, kwa hiyo tafadhali, mkasi usiteleze."

Zilibaki wiki sita. Mzee Inchi alijipima, utepe ukasema arobaini na mbili. Akaukunja haraka kama mtu aliyesoma barua isiyo yake, kisha akashika chaki na kuchora suruali ya thelathini na sita.

Sasa, kibandani mle mlikuwa na sheria mbili, na zote alizitunga yeye. Ya kwanza, fundi hajikatii nguo yake, maana mkono hujipendelea. Ya pili, kila suruali huachiwa vidole viwili vya kitambaa kila upande wa mshono wa nyuma, ili siku moja iweze kufumuliwa na kutanuliwa. "Mwili hauna mkataba na mtu," ndivyo alivyowaambia wateja. Basi alimwita Bi Sindano, fundi mwenzake wa miaka kumi na moja, akampa mkasi.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

"Yako ya lini, Mzee? Ya ujanani?"

"Ya harusini! Kata juu ya chaki, usibakize hata unywele. Nikijiachia nafasi nitaijaza."

Bi Sindano alimtazama, akatazama tumbo, akainama kukata.

Dawa aliipata kwa mteja mmoja, mwalimu wa michezo. "Fanya mazoezi kabla ya kula," mwalimu alimwambia huku akingoja zipu yake. "Tumbo likiwa tupu, mwili utachoma mafuta yake wenyewe."

Kesho yake, jua halijachomoza vizuri, Mzee Inchi alikuwa barabarani na viatu vya ibada, maana vingine hakuwa navyo.

"Mzee Inchi, nani anakufukuza?" aliuliza jirani aliyekuwa akifagia uwanja.

"Suruali!"

Tangu siku hiyo hakutulia. Alijipima kabla ya kukimbia, akajipima baada ya kukimbia, akajipima baada ya kunywa maji kuona maji yameongeza nini. Utepe haukutoka shingoni hata akiwa kitandani. Akishona, mguu ulikanyaga cherehani kama bado anakimbia. Na akirudi nyumbani asubuhi, njaa ilikuwa imemtangulia mlangoni: mayai, mkate, chai, halafu mkate tena.

"Baba'ke," mkewe alimwambia, "unakimbia kama swala, unakula kama kiwavi. Hayo mafuta yatatokea mlango gani?"

Wiki ya tatu utepe ulisema arobaini na moja. Inchi moja! Kwa hasira akaamua kukimbia na asile kabisa mpaka jioni. Siku ya pili ya ukaidi huo mikono ilianza kutetemeka, akaunganisha miguu miwili ya suruali ya mteja kuanzia gotini hadi chini. Mteja akaivaa bila kuangalia, akatoka nyuma ya pazia akirukaruka kama chura.

Bi Sindano alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka ghafla. "Nenda ukale, Mzee. Leo umeharibu suruali, kesho utashona kidole."

Mkewe akachukua usukani. Mazoezi kabla ya kula, sawa, lakini baadaye sahani moja, na sufuria akaifungia kabatini, ufunguo kifuani. Arobaini. Siku nne kabla ya harusi, thelathini na tisa.

Siku hiyo ndipo alipothubutu kuijaribu suti. Bi Sindano alikuwa ameishona kitambo na kuitundika, naye Mzee alikuwa akiizunguka kama inauma. Alijifungia nyuma ya pazia. Halafu pumzi ikavutwa, kifungo kikagoma, na Mzee Inchi akatoka mbio na bukta, saa sita mchana, akielekea barabarani.

"Unakwenda wapi?"

"Kukimbia! Sijala bado!"

"Inchi tatu kwa siku nne? Rudi hapa!" Bi Sindano aliigeuza suruali nje-ndani, akamwekea mikononi. "Shika mshono."

Alishika. Vidole vyake vilivijua kabla ya macho: vidole viwili huku, vidole viwili kule.

"Nilikwambia ukate kwenye chaki!"

"Nilikata nje ya chaki."

"Kumbe hukuniamini."

"Nani kasema? Maneno yako ndiyo niliyoyaamini. Mwili una mkataba na nani?"

Mzee Inchi akavuta kiti, akachukua wembe na kuanza kufumua, uzi baada ya uzi, mguu wake ukitikisika chini ya meza. Waliutanua mshono hadi mwisho wa kitambaa. Suruali ikafunga. Thelathini na tisa kamili, na ndani haikubaki nafasi hata ya ukucha.

Asubuhi ya harusi, bintiye alifungua dirisha, nywele nusu zimesukwa, akamwona baba yake akizunguka uwanja mbio, akiruka viti vilivyopangwa kwa wageni.

"Shikamoo, Baba! Leo tena unafukuzwa na nani?"

"Marahaba, mwanangu," alijibu bila kusimama. "Naona masufuria yameshainjikwa. Ngoja nitafute pa kuweka chakula."

Baadaye alimkabidhi bwana harusi bintiye kwa mkono wa kulia, machozi yakimlengalenga. Mkono wa kushoto haukuondoka kwenye kifungo.