Zamu Isiyopokewa

Usiku ule nililala na muhuri wa klabu chini ya mto. Wala si uganga. Nilikuwa nimeona jinsi mwenyekiti wetu, Mzee Kitwana, alivyoukodolea macho pale mezani, nikasema moyoni, huu leo naondoka nao. Mimi ndiye katibu wa Mshindio, timu ya mpira ya mji wetu, na kesho yake wanachama tulikuwa tukutane kuamua kama timu ibaki kwetu au tuikabidhi kwa kampuni moja ya mji mwingine. Kampuni hiyo ilitaka nafasi yetu ya ligi kuu. Jina letu haikulitaka, wala jezi yetu, wala uwanja wetu. Barua ya kukubali ilikuwa imeshachapwa, na kwa katiba yetu haiendi popote bila sahihi ya katibu na muhuri.

Nisijifanye shujaa, nilikuwa nimeamua kusaini. Mimi ni fundi cherehani, mjane, nina mambo yangu. Miaka tisa nimekuwa katibu wa timu iliyozaliwa katika kiwanda cha nguo na kubaki bila kiwanda. Jezi nafua mimi, basi natafuta mimi, mchezaji akigombana na mkewe naitwa mimi. Jioni ile Mzee Kitwana aliniambia, "Rehema mwanangu, maji yametufika shingoni. Wape, angalau vijana watacheza." Nikamjibu, "Sawa, mwenyekiti." Nikarudi nyumbani, nikaandika na barua nyingine, ya kujiuzulu. Zote mbili nikaziweka juu ya cherehani, nikazima taa.

Sijui nililala muda gani. Najua tu kwamba nilijikuta natembea kwenda kiwandani, mchana kweupe, jua la saa nane. Njia ilikuwa ile ile ya kutoka kota za wafanyakazi, ila haikuwa na majani. Lango lilikuwa limepakwa rangi mpya. King'ora kililia, na watu wakaanza kunipita, wengine wanaingia, wengine wanatoka, nyusi zao nyeupe kwa vumbi la pamba. Nilijua kwamba wote wamekufa. Haikunitisha. Niliona aibu kidogo tu kwamba nimekuja na kanga ya kulalia.

Nikaingia kwenye ukumbi wa kufuma. Nilipokuwa mdogo ukumbi ule ulikuwa na kelele za kupasua masikio; wafumaji walikuwa wakizungumza kwa midomo na vidole, na ndiyo maana wazee wengi wa mji wetu ni viziwi nusu. Sasa mashine zote zinazunguka na hakuna sauti. Natembea katikati yake nasikia kandambili zangu mwenyewe. Na pale kwenye mashine ya saba, ndani ya ovaroli yake ya kaki, amesimama babu yangu mzaa mama, Babu Nasoro. Kiganja chake cha kulia kimelala juu ya chuma.

Alinitazama kama mtu aliyekuwa akisubiri, akasema:

"Mke wangu, umechelewa."

Alikuwa akiniita hivyo tangu nikiwa natambaa, kwa utani wa babu na mjukuu. Lakini nikasimama hapo nimeduwaa, maana ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akizungumza taratibu. Uhai wake wote Babu alipiga kelele hata akiomba chumvi. Kumbe alikuwa na sauti nzuri, ya chini, na machozi yakanilenga pale pale.

Nilitaka kumshika mkono. Akatikisa kichwa. Nikakumbuka sheria yao. Mfumaji hatoi mkono kwenye mashine mpaka mwenzake wa zamu inayoingia aweke wa kwake na kusema, "Nimepokea." Hata kama king'ora kimelia, hata kama mkewe anajifungua. Mashine ikiachwa peke yake uzi ukakatika, kitambaa chote kinaharibika na hakuna wa kuulizwa.

Kitambaa cha kijani kinatoka kwenye mashine, kinateremka, kinajaa sakafuni. Nakitazama, nacho kinakuwa majani. Nimesimama uwanjani nyuma ya jengo la kutilia nguo rangi, pale palipopita mfereji wa maji ya bluu. Babu ni kijana, hana hata jino moja bovu. Wafanyakazi wanacheza pekupeku, na mpira wao ni mabaki ya pamba yaliyofungwa kwa kamba. Nilisimuliwa haya mpaka nikayachoka, na sasa nayaona. Hawana muda mwingine ila zile dakika ishirini kati ya zamu na zamu. Wa asubuhi wanatoka, wa mchana hawajaingia, hapo ndipo wanapokutana. Hakuna hata siku moja wachezaji wote wanafanya mazoezi pamoja. Kwa hiyo wanakabidhiana nafasi kama wanavyokabidhiana mashine: anayeingia anaweka kiganja kifuani kwa anayetoka, anasema, "Nimepokea," na mwenzake anakimbilia langoni. Klabu ilianza namna hiyo. Jina waliipa wenyewe, Mshindio, uzi ule unaopita kushoto na kulia ukazishika nyuzi nyingine zote.

Babu anaonekana dirishani, ndani, kazini. Macho yake yako nje kwa wenzake, mikono yake inabadilisha uzi bila kutazama. Anaweka wa njano mahali pa kijani. Nampigia kelele, "Babu, angalia!" Hanisikii. Mashine inakwenda, na kwenye kijani kile unapita mstari wa njano mnene kama vidole vitatu, tena na tena, mpaka mwisho wa jora. Msimamizi anakuja, anakiinua kitambaa, anaguna. "Hii ni ya kufutia mafuta." Babu ameinamisha kichwa. Kisha mmoja wa wenzake anasema, "Bwana mkubwa, kama ni matambara, tupe sisi."

Wake zao wakashona usiku na mchana, nami fundi nikiwatazama wanavyokata nikatamani kuwanyang'anya mkasi. Hakuna aliyepanga mstari. Mmoja umemwangukia kifuani, mwingine tumboni, golikipa umempita shingoni mithili ya kitanzi. Wakaenda kucheza ugenini, wakachekwa: timu ya matambara! Wakarudi wameshinda. Na kiwanda kilipokuja kuona fahari kikataka kuwapa jezi safi zisizo na kosa, walikataa. Babu akarudishwa mashine ya saba kulifuma kosa lake kwa makusudi, na kila msimu mpya akalifuma tena. Sikuwahi kumwona mtu mwenye maringo kwa kosa kama yeye.

Hapo nikakumbuka jezi ya mfano tuliyoletewa na ile kampuni, ndani ya mfuko wa nailoni. Nyeupe, imeshonwa vizuri kweli, sikuona pa kuitoa kasoro. Mstari haumo. Nilipowauliza, kijana mmoja wao alicheka akasema, "Mama, ule mstari unaonekana kama doa." Mimi nikacheka naye! Ndotoni nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Sasa tuko juu ya lori, tumekaa kwenye marobota ya pamba, tunakwenda mji mkuu. Ni safari ya kwanza ya ligi kuu. Wanawake wa idara ya kusokota wanaimba, na upepo unatia vumbi midomoni mwao hawanyamazi. Lori halijasimama, nasi tumeshafika uwanjani. Winga wetu ameumia, anachechemea kutoka. Kijana wa zamu ya usiku anaingia, na badala ya kukimbilia nafasi yake anasimama mbele ya mwenzake, anamwekea kiganja kifuani. Mwamuzi anapuliza filimbi, anakuja mbio, anampa kadi ya njano kwa kupoteza muda. Jukwaa letu linaangua kicheko. Mpaka leo tunapewa kadi hizo, na mpaka leo hatujaacha.

Nilicheka nao. Nilipogeuka, jukwaa lilikuwa limetulia. Wamesimama wote, wafumaji, wasokotaji, watia rangi, yule msimamizi, wananitazama. Hawana hasira. Wananitazama kama watu walio kwenye foleni ya kutoka kazini, wamechoka, wanataka kwenda nyumbani.

Na uwanja ukawa ukumbi wa kufuma tena, lakini huu wa sasa. Paa hakuna. Majani yamenifika magotini. Mashine zote zimeng'olewa zikauzwa vyuma chakavu, zimebaki alama za miguu yake kwenye saruji. Ipo moja tu. Babu amezeeka, ovaroli inampwaya, kiganja bado kiko juu ya chuma.

"Babu," nikamwambia, "kiwanda kilifungwa zamani. Nenda kapumzike."

Akauliza, "Kapokea nani?"

Nikaanza kujieleza. Nikamwambia habari za mabasi, za wachezaji, za mwenyekiti, za kampuni. Nikasema hata habari za mgongo wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililoniuma, maana akiwa hai hakuwa na subira hiyo. Nikamalizia, "Nimechoka, Babu."

"Tulichoka wote," akasema. "Hakuna aliyeiacha ikizunguka peke yake."

Nikainua mkono nimpokee. Nikakuta umeshika muhuri. Nikajaribu kuuachia, vidole havikufunguka. Babu ananitazama, na kitambaa kinaendelea kutoka, kijani kitupu, hakina mstari, kinajaa ukumbini, kinampanda miguuni, kiunoni. Nikapiga kelele. Muhuri ukaanguka. Nikanyoosha kiganja, ukabaki kama upana wa kidole kimoja kufika kwenye chuma, nikaamka.

"Rehema! Unagombana na nani?"

Ni mama, amesimama mlangoni na kanga yake ya kuswalia. Adhana ya alfajiri ilikuwa inaisha. Mkono wangu ulikuwa hewani, na muhuri uko sakafuni kweli. Nikamwambia, "Nilikuwa na Babu." Akaja akakaa kitandani, nikamsimulia yote, tangu lango mpaka kile kiganja. Mama si mtu wa kulia. Alikunjakunja pindo la kanga.

"Sikuwahi kukuambia," akasema mwishowe. "Wiki ile ya mwisho hospitali, alishika chuma cha kitanda, hakiachii. Wauguzi wanamfunika, anautoa mkono, anashika tena. Ananiuliza, 'Kapokea nani?' Usiku kucha, kapokea nani, kapokea nani. Mimi nikadhani homa. Nikamwambia, baba, kiwanda kimefungwa, hakuna zamu. Akageukia ukutani." Akajifuta pua. "Ningesema neno moja tu yule mzee akalala. Sikulijua."

Nilimshika mama, tukakaa hivyo mpaka dirisha likaanza kuwa jeupe. Kisha nikainuka. Sikuwa na hasira tena, wala kujionea huruma. Nilijua nitakalosema mkutanoni, na nilijua Mzee Kitwana atashika kichwa. Timu haitoki hapa. Wakisema msimu huu tunashuka daraja, tutashuka, tutacheza na timu za mitaani, basi likikosekana tutapanda malori, lakini tutakuwa na mstari wetu kifuani, na atakayeingia atampokea anayetoka. Jezi nitashona mimi. Mgongo utajijua wenyewe.

Barua mbili zilikuwa bado juu ya cherehani, mahali nilipoziacha. Ya kujiuzulu nikaikunja nikaitia kwenye kapu la vitambaa vilivyobaki. Ile nyingine nikaiacha kama ilivyo, bila sahihi, niende nayo nikamrudishie mwenyekiti mbele ya wanachama. Cherehani ikabaki wazi. Chuma chake kilikuwa cha baridi nilipoweka kiganja. Nilijisikia mjinga kidogo, mwanamke mzima nimesimama na kanga ya kulalia nimeshika cherehani alfajiri, lakini sikuuondoa mkono.

Nikasema polepole, "Nimepokea."

Mama alikuwa bado ameketi kitandani, amenipa mgongo.

"Sema kwa nguvu," akasema. "Baba yangu alikuwa hasikii."