Tulivyoiomba kampuni ya magari iturudishie gia nzito ya mlimani

Wakuu, salaam. Hii si chai. Gari lipo, mlima upo, mwenye shaka apande huku Lushoto nimwonyeshe vyote, kwa nauli yake.

Mimi ni dalali wa mboga. Chenji nahesabu mara mbili, hata nikipewa na mama mzazi.

Kitongoji chetu kiko juu ya Bumbuli. Kikundi chetu cha wakulima kina pikapu moja ya zamani, four-wheel yenye "low", ile gia nzito ya kupandia mlima taratibu. Kila siku inashusha kabichi Mombo. Mtu akizidiwa, kabichi zinashuka, mgonjwa anapanda, hao hospitali.

Sasa chesisi imeoza. Tukachangishana, tukaenda showroom Dar kuulizia mpya.

Tukaambiwa model mpya ya Afrika Mashariki haina low. Wenzetu wa nchi za kusini mwa Afrika wanapewa. Sisi tumewekewa skrini kubwa.

"Specs zinafuata wateja wengi, na wengi wako mjini," alisema meneja wa mauzo, kijana mpole tu.

Wakuu, skrini haipandi utelezi wa masika. Bila low, tunarudi kubeba wajawazito kwa machela.

Nikaomba niachiwe huyo meneja. Nikatumia mbinu ya sokoni: nikaponda rangi, nikaponda viti, nikapiga tairi teke. Nikasema "basi, tunaenda kwingine", nikaondoka polepole nikisubiri kuitwa.

Sikuitwa. Getini nikageuka, aliyenipungia mkono ni mlinzi.

Baadaye tukasikia meneja ameripoti kwamba wateja wa Lushoto hawalitaki gari. Na hakudanganya!

Mweka hazina wetu, Mama Neema, alininunia kwenye basi njia nzima. Tulipokaribia Mombo ndipo akafungua mdomo.

"Baba Zaina, ulikwenda kuomba au kukosoa?"

"Nilikuwa nashusha bei."

"Bei nani aliuliza?"

Nikaanza kuhesabu upya chenji ya nauli.

Mama Neema mwenyewe akampigia meneja simu, akamwomba radhi kwa niaba yangu, akamwalika Jumapili ya mavuno kanisani kwao. Mimi Muislamu, ila mnada wa mavuno baada ya ibada huku kwetu hakosi mtu.

Meneja akaja kweli. Gari lake aliliacha Bumbuli, pikapu yetu ikampandisha. Mnadani akanunua jogoo kwa bei ya kwanza kutajwa. Sadaka najua, lakini roho iliniuma.

Kisha Mama Neema akasimama kando ya pikapu.

"Leo tunalishukuru na hili gari. Uliyewahi kukimbizwa nalo hospitali, njoo usimame huku."

Wakaja akina mama na watoto wao. Akaja mzee wa mkongojo. Mchungaji naye akaja.

Nikahesabu. Nikarudia. Mama Neema akaniita mbele za watu:

"Baba Zaina, hesabu yako imepungua mmoja."

Wakuu, ni mimi. Ngiri yangu ya tumboni iliwahi kujinyonga, mvua inanyesha, nikalazwa juu ya magunia matupu huku naomba shahada yangu isikatike katikati. Nilitelemshwa mzima. Nikavuka nikasimama nao, macho yamejaa machozi.

Meneja akamweka jogoo chini. "Naomba mseme mmoja mmoja, nirekodi. Hii inaenda kiwandani."

Wakulima wa chai nao wakaongeza barua yao, na wenzetu wa Magoma. Miezi ikapita, nikaanza kukata tamaa. Kisha jibu likaja: shehena ijayo ya kanda yetu, anayetaka low ataagiza yenye low.

Skrini imebaki. Tumeisamehe.

Siku ya kuchukua gari meneja alinitania, "Mzee, leo hupigi tairi teke?"

Nikamwambia asante. Kwanza asante, halafu ndipo nikaomba mati za miguuni, akanipa.

Nilichojifunza: kampuni haikuiti ukigeuka. Waonyeshe gari lao limekufanyia nini, wataelewa kilichopungua.

Mliowahi kuomba kitu kampuni kubwa mkasikilizwa, tupeni mbinu. Wa kuniponda pia karibuni, ila msiondoke mkisubiri niwaite.