Ua Lililopinda

Duaa wa mtaa wa Kuze hutembea kwa magongo mawili, na huko hakuna harusi isiyomwita kupaka hina. Siku hiyo alikuwa ameupakata mkono wa biharusi, na mgeni mmoja mwenye kamera akimrekodi tangu mlangoni.

"Jamani, shujaa huyu!" mgeni alisema. "Amenitoa machozi kwa kupanda ngazi tu."

"Ngazi hata paka hupanda," Duaa akajibu. "Tazama hina."

Mgeni akatazama magongo. Aliyeitazama hina ni Bi Zohra, shangazi wa biharusi, baada ya kuvaa miwani.

"Duaa, mwanangu, ua hili limepinda. Wasinzia?"

"Mama, usimvunje moyo!" mgeni akadakia. "Kwa hali yake, amejitahidi."

"Hali gani? Harusini watu watatazama mkono."

Duaa akainama. Kweli, limepinda. Akalifuta upesi kwa pamba kabla rangi haijashika, akalichora upya huku amezuia pumzi. Bi Zohra akakagua kidole baada ya kidole.

"Haya. Na harusi ya binti yangu Alefiya ni baada ya Idi. Usije ukanikatalia."

"Nitakuja, Bi Zohra. Na miwani yako uje nayo," Duaa akasema, akacheka, cheko lake la kwanza tangu kamera iingie.