Siku Mama Alipokuja Kunitoa Darasani

Hapa kituo cha basi, mwanamke aliyeketi karibu nami amefungua kichupa cha mafuta ya mkaratusi akajipaka shingoni, na mara nimerudi Doha, darasani. Mwalimu wetu wa Kiindonesia alijipaka mafuta kama hayo mikononi, kwa sababu kiyoyozi kilimtetemesha. Tulikuwa watoto wadogo wa nchi nyingi, tukijifunza salamu baada ya masomo. Alitufundisha kushika mkono wa mkubwa, kuugusisha kwenye paji la uso, kisha kusema, "Selamat sore, Ibu," yaani habari za jioni, mama.

Jioni moja Mama alikuja kunitoa. Alikuwa bado na yunifomu ya hoteli ya West Bay.

"Kiingereza yenyewe inakushinda, sasa hii ni ya nini? Beba begi twende."

Nililipenda darasa lile kuliko yote. Nilishika mkono wake uliokaushwa na sabuni, nikaugusisha pajini na kumsalimia nilivyofundishwa. Wenzangu walicheka. Mama hakucheka.

"Kumbe wanasalimiana hivyo? Kuna dada wa huko Indonesia tunatandika naye vitanda. Mwaka mzima tunaongea kwa ishara za vidole tu."

Aliangalia mlango, akaniangalia mimi. Kisha akavuta kiti cha mtoto, akajibana hapo, magoti yakigonga meza.

"Haya. Asante wanasemaje?"

Darasa zima lilimjibu kwa kelele, na mwalimu akafuta ubao ili tuanze upya.