Utando wa Gundi na Manemane

Mwaka wangu wa tatu nikifundisha kemia Garissa, nilikuwa nimechoka hadi kengele ya asubuhi nikiisikia magotini. Lakini jirani yangu, mama aliyeuza nyama ya ngamia sokoni, alichoka kunishinda. Kila alasiri alirudi na vipande vilivyoanza kunuka, akavitupia ndege korongo.

Siku moja nikamwambia nimesoma kwamba gundi ya migunga, ikichanganywa na dawa ya miti, inaweza kukauka ikawa utando mwembamba unaolika, wa kufunikia nyama isioze haraka. Hakucheka. Kesho yake aliniletea kikombe cha gundi na kifundo cha manemane, ambayo Wasomali kama yeye huiita malmal na kuitia kwenye vidonda.

Basi Jumamosi zangu za kupumzika zikaishia kwenye stovu. Niliyeyusha gundi, nikaichuja kwa leso, nikatia maji ya manemane na kuimwaga kwenye sinia. Utando wa kwanza uliganda kwenye sinia, haukubanduka. Wa pili ulipasukapasuka kama matope ya laga, mto wa msimu, wakati wa kiangazi. Wa tatu ulijaa mchanga. Nikanunua glisarini duka la dawa, nikatia matone machache ili utando ulainike. Jirani akashauri nimwage juu ya karatasi ya nailoni, chini ya chandarua. Safari hiyo ukabanduka mzima, laini, rangi ya asali.

Tulifunika kipande kimoja cha nyama, kingine tukakiacha wazi. Kesho yake kile cha wazi kilinuka, chetu hakikunuka. Akakichemsha, akaonja, akatema.

"Abaayo, dada mwalimu, nyama iko sawa," alisema akifuta midomo. "Lakini hii chungu, wallahi, nani nakula?"

Nikipunguza manemane, nyama inaoza. Nikiongeza, hailiki. Nilirudia mpaka nikaacha hata kuandika daftarini.

Wakati huo mama yake mzazi alikuwa na vidonda kwenye ufizi, hali chakula. Bila kuniuliza, jirani alikata kipande cha utando uliobaki akambandika. Baada ya siku chache akaja mlangoni.

"Hooyo nakunywa chai leo. Yeye naomba mkate wa anjera pia."

Nilipaswa kufurahi. Nilichotaka ni kuketi tu, nikaketi palepale kizingitini. Naye akaketi kando yangu.

Wanawake wengine wakaanza kubisha hodi wakitaka utando. Niliwaambia mimi si daktari, waende hospitali. Wakajibu wametoka huko. Nikaendelea kupika, macho yakiwasha kwa moshi wa mafuta ya taa, hadi barua ya uhamisho iliponifikia.

Kabla ya kuondoka nilimwita jirani jikoni nimwonyeshe mapishi. Hakuandika chochote, alitazama mikono yangu tu. Nyama yake bado ilikuwa ikioza kama zamani.

"Glisarini matone matano?" aliuliza.

"Manne."

"Manne," akarudia, akaifunga chupa ya glisarini kwenye pindo la nguo yake.