Mluzi Katika Redio ya Mama Lutengano

Wiki iliyopita, pale Iyunga, hapa Mbeya, nilipita kwenye kibanda cha kijana anayetengeneza simu, na moshi wa lehemu ukanipanda puani. Ni harufu kali kidogo na tamu kidogo, kama utomvu wa msonobari ulioangukia bati la moto. Nikasimama kama niliyeitwa. Kijana akaniuliza, "Shikamoo mama, nikusaidie nini?" Nikaitikia, nikaondoka bila kumjibu swali. Ninyi nitawasimulia.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, tukiishi Kihesa, mjini Iringa. Fundi Yohana, aliyekuwa akitengeneza redio katika chumba cha uani kwake, alitangaza kanisani kwamba watoto wanaopenda kujifunza mambo ya umeme waende kwake asubuhi, likizo yote ya Desemba. Tulienda wanne, wavulana watatu na mimi. Redio hakutufundisha, alisema redio inataka watu wenye subira. Alitaka kila mmoja wetu aunde kitu cha kupiga kelele tu, maana mtoto akisikia kazi ya mikono yake inalia, alisema, hataisahau.

Tukang'oa transista kwenye redio mbovu, tukapewa spika ndogo kama kisosi, betri za tochi na kitufe cha kuzungusha, vyote tukavipachika ndani ya kopo la maziwa ya unga. Niliungua vidole vitatu. Siku ya nne kopo langu likalia. Lilianza kama mbu. Nikazungusha kitufe likanguruma kama mvua ya mawe juu ya bati. Nikakirudisha, likapiga mluzi mpaka mbwa wa Fundi akatoka mbio. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Papo hapo redio iliyokuwa rafuni nayo ikaanza kukoroma na kupiga mluzi uleule. Fundi akainua kidole.

"Mnasikia? Mawimbi ya kopo hayaishii kwenye kopo. Msije mkaliwasha karibu na redio ya mtu. Mmenielewa?"

"Ndiyo, Fundi!" Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko zote.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Lutengano, mjane wa Kinyakyusa aliyekuja Iringa na mumewe kutoka Mbeya. Jioni moja aliniona narudi na masizi usoni, akamwambia mama yangu nami nikiwa nasikia, "Mwenzangu, binti wa kushinda na waya namna hii, nani atamwoa?" Mama akacheka. Mimi nilikwenda kulala nimevimba kwa hasira.

Mwanawe wa pekee, Lutengano, alikuwa jeshini, na wakati ule nchi ilikuwa vitani. Alasiri, saa kumi, redioni zilitoka salamu za askari kwa jamaa zao, wengine kwa sauti zao wenyewe. Saa hiyo Mama Lutengano aliacha hata chungu motoni, akaondoa kitambaa alichokifuma kufunikia redio yake, akakaa sikio limeegemea spika. Nililijua hilo. Saa kumi niliichagua kwa sababu nililijua.

Nikafunga waya mrefu kwenye kopo, nikaupitisha mpaka chini ya dirisha lake, nikawasha. Redio ikapiga mluzi. Nikamsikia akiigonga mgongoni taratibu, kama anayembembeleza mtoto mwenye kikohozi. "Jamani, una nini leo?" akaiuliza. Nikajiziba mdomo kwa gauni. Nilifanya hivyo siku tatu.

Siku ya tatu, kabla sijakunja waya, jirani wa nyumba ya pili alikuja mbio, anahema.

"Mama Lutengano! Umemsikia? Mwanao! Kasema mwenyewe, kwa sauti yake!"

Nikasikia kiti kikisukumwa. Kisha, "Amesemaje?"

"Nilikuwa jikoni, sikushika vizuri. Nimesikia jina lake, na 'mama', halafu... Kwani wewe hukuwa unasikiliza?"

"Redio inaumwa."

Jioni ile alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza mwanawe alisemaje. Kila mtu alimpa neno lake.

Kesho yake akaileta redio kwa Fundi, ameibeba kwa kanga. Fundi akaiwasha, ikaimba vizuri kabisa.

"Inasumbua saa ngapi, mama?"

"Saa kumi tu."

"Inaliaje?"

Mama Lutengano, mtu mzima mwenye heshima zake, akakunja midomo akapiga mluzi, kisha akakoroma. Lilikuwa kopo langu hasa. Wavulana wakanigeukia. Fundi akanitazama, akamrudishia redio yake. "Nzima hii, mama. Haitasumbua tena."

Alipoondoka, Fundi alinipa chuma cha kulehemu, akaniambia nilibomoe kopo, kiungo kimoja kimoja. Nilipomaliza akauliza, "Utamwambia mwenyewe?"

"Ndiyo, Fundi."

Sikumwambia.

Lutengano alirudi baada ya vita, amekonda, mkono wa kushoto umekakamaa. Mtaa mzima ulijaa vigelegele. Mama yake alimshika mashavu mbele yetu sote, akamuuliza, "Ulisema nini siku ile redioni?"

Akacheka. "Mama, hata sikumbuki. Si nimerudi?"

Akamuuliza tena akimmiminia chai. Mimi nilikuwa nagawa vikombe, nikashindwa, nikalia. Mama Lutengano akanivuta kifuani, akamwambia mama yangu, "Mtazame mwanao, ana moyo huyu." Nyama ya kwanza kutoka jikoni alinipa mimi. Nikaila.

Kwa akili yangu ya kitoto, nilidhani kurudi kwa Lutengano kumenisafisha. Miaka mingi baadaye, binti yangu alipokuwa shule ya mbali nami nikakaa majuma bila barua, ndipo nilipojua nilichomnyima yule mama. Baada ya siku ile alingoja miezi mingine mingi, na angeweza kuingoja akiwa na sauti ya mwanawe masikioni. Nilikuwa nimeshahamia Mbeya alipofariki. Mpaka mwisho, kila aliyetoka Iringa alinifikishia salamu zake: nisalimieni yule binti mwenye moyo.